Uzi Juu ya Mstari wa Delphin

Kalemie, tarehe 3 Machi 2024

Mdogo wangu Émérence,

Pokea salamu zetu za huku ziwani. Sisi tunapumua. Mvua imekataa kupumzika, na ziwa nalo limeamua kuhamia mjini. Maji yamepita ukuta wa jirani yetu Mama Denise, sasa anapika juu ya matofali na anacheka kwamba ataosha sufuria bila kutoka jikoni. Sonia wetu anaendelea na masomo, ana kiburi cha mtu aliyekwishapata diploma. Masikio yangu ni yale yale: kwinini ya malaria iliyachukua na haijayarudisha. Ndiyo maana naandika. Simu ikilia anaishika mke wangu Victorine, kisha ananiandikia kwenye karatasi yale anayotaka niyajue, na mengine anayameza. Barua hii mke wangu haijui. Nimempa Ulrich anayefanya kazi kwenye treni, aifikishe mkononi mwako.

Najua Victorine alikueleza habari ya Delphin, lakini yeye anaeleza huku analia, kwa hiyo narudia mimi. Boti ambayo mtoto wangu alikuwa mekanisiani wa injini yake iliondoka hapa Januari na simenti na unga kwenda Moba. Upepo ukaikuta njiani. Wavuvi waliokota watu wanne wakiwa hai. Delphin hakuwa kati yao, na mwili wake hakuna aliyeuona. Boti yenyewe haijaonekana.

Sasa sikiliza. Mwenye boti alikuwa amefunga juu ya paa kijisanduku kinachoongea na satelaiti, ili ajue mali yake iko wapi. Wiki iliyopita biro yake, ile ofisi ya bandarini, imetoa karatasi kwa kila familia. Kuna mstari mmoja unaopanda na kwenda, na pembeni zimeandikwa kilomita toka bandari ya Kalemie. Unajua mimi ni mtu wa nyavu, kila kitu nakipima kwa uzi, hata mlango wa nyumba hii niliupima hivyo. Nikachukua uzi, nikaupaka nta, nikaulaza juu ya mstari toka mwanzo mpaka mwisho bila kuruka kona. Kisha nikaunyoosha pembeni kwenye zile kilomita. Uzi ulipita juu ya karatasi! Ilibidi niongeze karatasi ya pili. Kilomita mia mbili na zaidi, Émérence.

Ziwa letu halina upana huo. Boti iliyokwenda mbali hivyo imevuka, imetupwa nchi kavu ya ng'ambo, na mtoto yuko katika kijiji fulani cha Tanzania, labda mgonjwa, labda hana simu. Watu wanataka tukae kilio. Nimemwambia Victorine kwamba nyumba hii haimlilii mtu aliye hai.

Nakuwekea nakala ya mstari, nimeuchora kwa mkono wangu. Wewe ndiye unayefundisha mambo haya. Niandikie tu kwamba nimepima sawa.

Kaka yako anayekuamini,
Gérard

*

Kongolo, tarehe 30 Machi 2024

Kaka Gérard,

Amani ya Pasaka ikufikie wewe, wifi Victorine na Sonia mwenye kiburi. Barua yako ingefika mapema, lakini Ulrich alipitiwa na usingizi, akavuka kituo chetu, akaipeleka mbele na kuirudisha. Ameomba msamaha kwa kuniletea mkungu wa ndizi, kwa hiyo nimemsamehe na nimebaki na njaa ya kesi nyingine.

Huku Lualaba imejaa. Masista wameongeza darasa la pili la fizikia na hawajaongeza mwalimu, kwa hiyo mwalimu ni mimi mara mbili. Wanafunzi wamefukuzwa wiki mbili kwa ajili ya minerval, ile karo ya shule, wamerudi wamesahau hata majina yao. Paa la jikoni linavuja palepale pa siku zote. Delphin aliniahidi kulitengeneza. Unakumbuka alivyokuwa miaka ile mitatu aliyosoma hapa kwangu, kila kitu anakifungua kwanza, halafu ndiyo anauliza kama kilikuwa kizima. Kitanda chake kiko chumba cha nyuma. Mwezi uliopita niliweka magunia ya mahindi juu yake, nikaona haya, nikayatoa.

Kuhusu mstari. Nakala yako ni nzuri, una mkono imara. Lakini hukuandika namba za upande wa chini, na mtu hawezi kusema lolote la maana bila hizo. Nitumie kwanza. Na usiende popote, tafadhali, kabla hatujaandikiana tena. Ziwa halijatulia msimu huu.

Wifi anakula? Hilo hukuniambia.

Mdogo wako,
Émérence

*

Kalemie, tarehe 22 Aprili 2024

Émérence,

Tunakusalimu, tunashukuru kwa salamu za Pasaka. Maji sasa yako kwenye kizingiti chetu. Usiku nalala na mguu mmoja nje ya kitanda ili nijue yakiingia.

Namba za chini ni saa. Zinaanza alfajiri ile walipoondoka mpaka kesho yake. Haya, umezipata. Hutaniambia sasa kwamba unataka na rangi ya wino.

Umeuliza kama Victorine anakula. Hayuko hapa. Nilirudi toka sokoni nikakuta nyumba kimya, yaani kimya cha macho, maana kile kingine nimekizoea. Amekwenda kwa dada yake Evodie, amenyoa nywele, amekaa chini kwenye mkeka na wanawake wamemzunguka. Mke wangu anamlilia mtoto wangu kwenye nyumba ya watu! Nilikwenda. Niliukunja ule mkeka mbele yao wote na kuubeba kichwani mpaka nyumbani. Sonia alinifuata nyuma na kuniandikia kwenye kiganja changu kwa kalamu: «Papa, uache Mama alie.» Nikafuta kwa mate.

Toka siku ile majirani wakinikuta njiani wanatazama maji. Padri amekuja, tumekunywa chai, hakuandika neno lolote kwenye karatasi niliyompa.

Nimezungumza na wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kigoma. Wako tayari kunichukua maji yakitulia. Lakini nataka neno lako kwanza, kwa ajili ya Victorine. Mimi ananiona kichaa. Wewe ukiandika «Kaka yangu amepima sawa», atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mstari mmoja tu, mwalimu. Mbona unaninyima mstari mmoja?

Gérard

*

Kongolo, tarehe 19 Mei 2024

Kaka yangu mpendwa,

Leo ni Pentekoste, tumetoka misani. Mama mkuu wa masista anaumwa mgongo na anatuongoza kwa fimbo. Mvua imepungua. Karanga zangu zimekubali mwaka huu, nimekutumia kikapu kwa Ulrich, nimemwambia nimezihesabu ili asiguse. Sikuzihesabu.

Sasa nimemaliza habari zote nilizokuwa nazo za kujifichia.

Kaka, hukupima sawa.

Chukua siku yako ya kawaida. Asubuhi unatoka nyumbani kwenda soko, unakaa pale unauza nyavu, jioni unarudi. Tuichore siku hiyo kwenye karatasi ya namna ile ile. Kupanda juu ni kuwa mbali na nyumbani. Kwenda kulia ni saa kupita, na saa zinapita hata kama mtu amekaa. Ukienda soko, mstari unapanda. Ukirudi, unashuka mpaka chini. Katikati, ukiwa kwenye kiti chako unabishana na wateja, mstari unalala na kuendelea kulia, taratibu, mchana kutwa. Sasa weka uzi wako juu yake. Uzi utakula kule kukaa kana kwamba ulikuwa unatembea. Utasema Gérard amezunguka mji mzima, na wewe hukuinuka hata kunywa maji.

Tena mimi nikiichora siku hiyo hiyo kwenye karatasi pana zaidi, uzi utarefuka, na soko halijasogea hata hatua moja. Ndiyo maana urefu wa mstari wa namna hii hauna jina, Kaka. Si kilomita, wala si saa. Umeunganisha vitu viwili visivyojumlishwa pamoja. Kama ungekuwa na ramani ya ziwa, na njia ya boti imechorwa juu yake, uzi wako ungesema kweli, kwa sababu kwenye ramani kila upande ni kilomita. Lakini hii uliyopewa si njia ya boti. Ni umbali wake, saa baada ya saa.

Kosa hili darasa langu zima hulifanya kila mwaka. Nalisahihisha kwa chaki nyekundu na kwenda kula. Lako nimeshindwa kulisahihisha toka Machi.

Kinachosomwa ni kimo cha mstari kwenye namba za pembeni. Mstari wa Delphin unapanda mpaka sabini na haupiti hapo. Haukufika hata Mpala, sembuse Moba. Kisha unalala, mpaka karatasi inaisha. Mengine ya mstari huo hayana faida kwetu. Sehemu kubwa ya uzi wako ni boti iliyosimama. Ilijaa maji mpaka kwenye paa, na kile kijisanduku kikabaki juu kinaita peke yake mpaka kikanyamaza.

Usidhani sikutafuta mlango. Mstari uliolala unasema tu kwamba umbali toka bandarini haukubadilika. Mbuzi aliyefungwa kamba naye akizunguka mti, umbali wake na mti haubadiliki, na bado anatembea. Nilimshika mbuzi huyo wiki nzima. Nilisema labda boti ilikuwa inazunguka, inakwenda, inaelekea mahali. Lakini boti iliyokamatwa na upepo ule haiwezi kushika duara la namna hiyo usiku kucha. Najua hivyo. Na uzi pia niliuweka, Kaka, mimi ninayefundisha. Nilifunga mlango, nikaulaza juu ya nakala yako, nikaunyoosha pembeni. Nilipata mia mbili na zaidi kama wewe, na kwa muda mfupi nilifurahi.

Delphin amekufa. Nimeandika. Mrudishie Victorine mkeka wake.

Anayekupenda,
Émérence

*

Kalemie, tarehe 8 Juni 2024

Mwalimu,

Salamu. Tu wazima. Karanga zimefika.

Barua yako nimeisoma mara moja na kuiweka mfukoni, na Victorine hataiona. Mtu ambaye hakuzaa anaweza kuandika neno kama lile bila kufuta herufi moja. Mwandiko wako ni safi sana, hongera.

Kesho kutwa navuka kwenda Kigoma. Nimebeba picha yake ya siku ya diploma.

Usiniandikie.

Gérard

*

Kongolo, tarehe 14 Julai 2024

Kaka Gérard,

Umesema nisikuandikie, naandika. Natumaini umefika salama na umerudi salama, au unarudi. Huku ni kiangazi, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Mitihani imekwisha. Nilitaka kupanda treni siku ile ile nilipofunga darasa, lakini njia imekatika upande wa Nyunzu na hakuna anayejua itafunguliwa lini. Naenda kituoni kila jioni kuuliza, mpaka mkuu wa kituo akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Ni kweli, sikuzaa. Ulinipa mtoto wako miaka mitatu kwa sababu huku masomo yalikuwa nafuu, ukadhani umenipa mzigo. Alikuwa akinifulia nguo nikiwa na malaria, kijana wa miaka kumi na saba, anaanika sketi zangu mbele ya wenzake na hajali. Waliomcheka aliwaambia: «Huyu ni mama yangu wa Kongolo, mutachoka kucheka.» Sikukuambia hilo zamani kwa sababu niliogopa ungemchukua mapema.

Mwandiko wa barua ile ulikuwa safi kwa sababu ilikuwa ya tano. Zile nne za kwanza hazikusomeka.

Simwandikii Victorine. Neno hili ni lako kumwambia, wewe ndiye baba. Lakini usichelewe, Kaka. Amekaa peke yake na kitu ambacho sisi wawili tunakijua.

Émérence

*

Kalemie, tarehe 1 Septemba 2024

Mdogo wangu Émérence, mama wa Delphin wa Kongolo,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa aibu. Maji yamerudi nyuma. Mama Denise amepata tena uwanja wake na sasa analalamika kwamba sufuria ziko mbali na maji. Sonia ameshinda darasa. Lile neno nililoandika Juni naliondoa, sikuwa na haki ya kuliandika na sina maneno ya kulifunika. Wewe ulizaa. Nimeambiwa na mtu anayejua, nitakueleza mbele.

Nilikaa Kigoma muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilikwenda kaskazini na kusini ya mji, kila mwalo, na picha mkononi. Watu wa kule ni wema. Walikuwa wanaita wengine waje kutazama, wanaandika kwenye mchanga ili nisome: HAPANA MZEE, POLE. Mama mmoja muuza chai alitazama picha, akanitazama mimi, akaanza kulia kabla sijafungua kinywa. Nilimkasirikia sana. Nikanywa chai yake hata hivyo.

Siku za mwisho nilikaa bandarini kusubiri boti ya kurudi, upepo umekataa. Nikachukua mkaa na karatasi ya sukari, nikachora mstari wangu kama ulivyonifundisha. Toka Kalemie unapanda, halafu unalala. Nikaruka! Nikasema Émérence nimemkamata: mstari wangu umelala na mimi niko hai, nakaa, nakunywa chai. Nilitaka kukuandikia palepale ili uone haya.

Kisha boti ikaja, nikapanda. Ziwa lilikuwa tulivu. Sikuwa na la kufanya njiani ila kufikiri, na nilijua kwamba saa ile mstari wangu umeanza kushuka. Nilipokanyaga bandari yetu ulikuwa umefika chini kabisa. Nilisimama pale na mfuko wangu, watu wananigonga mabega wapite. Mtu aliye hai, hata akikaa huko muda gani, siku moja mstari wake unashuka. Wa Delphin umelala toka Januari, na mtoto yule alikuwa akichelewa siku moja tu anatuma watu watatu kutuomba tusiogope. Ndipo nilipokubali, si kwa barua yako. Barua yako niliielewa toka siku ya kwanza, na ndiyo maana nilikutukana.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Evodie. Victorine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alitazama mikono yangu, akaona picha tu. Mdomo wake naweza kuusoma, tumeoana miaka mingi. Alisema: «Haukumuona.» Nikasema: «Sikumuona. Hatamuona mutu tena.» Nikakaa chini kwenye udongo karibu ya kinu.

Unajua sijisikii ninapoongea. Sikujisikia pia nikilia. Nilidhani natoa machozi tu, kama mtu mzima. Nilijua kwa sababu mlango ulijaa watu, na wengine walikuwa wametoka barabara ya pili wakikimbia, na Evodie alikuwa ameziba masikio ya mtoto wake mdogo. Victorine alikaa nyuma yangu, akaniwekea mkono kifuani na kuuacha hapo, naye akalia, na nilisikia kilio chake kwa mgongo wangu, kinatetemesha mfupa. Ulikuwa mwezi wa nane, Émérence. Nimemnyima mama yake kilio miezi yote ile.

Nimempa barua zako. Amezisoma zote, ile ya Julai mara nyingi. Aliandika kwenye karatasi, lakini pia alikuwa anasema, na Sonia akaniandikia alivyosema: «Yeye njo alibeba hii yote peke yake? Mutu alifuliwa nguo na mutoto wangu ni mama yake. Umuandikie akuye. Mimi sitaondoka hapa chini mbele yake.» Basi umeitwa. Kilio kiko nyumbani kwetu sasa, mkeka umerudi mahali pake, na hakitaondolewa kabla hujafika. Hatuna mwili wa kuzika. Tutazika nguo zake za kazi, zile zenye mafuta, Victorine alizifua halafu akajuta kwamba amezifua. Ulrich anasema treni itapita wiki ijayo. Akilala tena, muamshe.

Jambo la mwisho. Juzi nilifungua tena ile karatasi ya biro, bila uzi. Niliisoma kwa macho, kimo tu, kama ulivyonielekeza. Kuna kitu ambacho hukuniandikia. Uliandika kwamba mstari unapanda mpaka sabini, kisha unalala. Haulali pale, Émérence. Kwanza unashuka. Ni mteremko mdogo, uzi wangu uliupita nisiuone, lakini wewe uliuona, najua, na najua kwa nini ulikaa kimya. Walikuwa wamegeuza boti. Nimesoma namba za pembeni, nikamwita Sonia naye akasoma, tukapata sawa.

Kilomita tisa. Mtoto wetu alikuwa amerudi kilomita tisa kuja nyumbani.

Kaka yako,
Gérard